Sinambari katika Hifadhidata

Si kila kinachokaa mahali pa nambari ndani ya tarakilishi ni nambari. Kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo William Kahan alikuwa miongoni mwa waasisi wake wakuu, iliweka kando ya nambari za kawaida thamani chache za pekee: infiniti chanya, infiniti hasi, na ile inayoandikwa NaN, ambayo ni jibu la hesabu isiyo na jibu, kama vile sifuri kugawanywa kwa sifuri. Kwa kuwa hii ya mwisho hutajwa kama kitu wala si kama kanusho, hapa itaitwa sinambari, neno moja, katika ngeli ya I-/ZI-.

Aghalabu sinambari huchanganywa na pengo, yaani mahali palipoachwa bila kujazwa. Tuseme karani anaorodhesha uzito wa magunia ya mahindi. Gunia lisilopimwa huachiwa pengo. Gunia ambalo hesabu yake imevurugika hupata sinambari. Wastani unapotafutwa, mapengo hurukwa. Sinambari hairukwi: moja tu miongoni mwa magunia elfu hugeuza jumla yote kuwa sinambari.

Lililo zito zaidi ni suala la usawa. Kwa mujibu wa kanuni iliyotajwa, sinambari hailingani na chochote, hata na nafsi yake. Mwanahisabati huweza kuridhika na hilo, lakini hifadhidata haiwezi, maana kazi yake ni kupanga na kutengeneza faharasa, na kisicholingana na nafsi yake hakipangiki. Ndiyo sababu PostgreSQL imeiacha kanuni hapo kwa makusudi: sinambari zote huhesabiwa kuwa sawa, tena kubwa kuliko nambari yoyote, infiniti ikiwemo.

Uamuzi huo una busara, ila una gharama yake. Anayeuliza gunia zito kuliko yote hujibiwa sinambari. Vilevile, sharti kwamba uzito uzidi sifuri, ambalo wengi hulitegemea kama mlinzi mlangoni, huiruhusu sinambari ipite, kwani nayo yazidi sifuri! Hata safu ya desimali iliyowekewa kikomo cha tarakimu huipokea, ingawa huikataa infiniti. (Infiniti yenyewe ilikubaliwa katika aina hiyo ya desimali mwaka 2021 tu, katika toleo la 14.)

PostgreSQL hukataa kugawanya kwa sifuri, hivyo mara nyingi sinambari hutoka nje, pamoja na takwimu zilizokokotolewa na programu nyingine. Basi sharti lafaa kuandikwa kwa pande mbili: uzito uzidi sifuri, na uwe chini ya infiniti. Sinambari hukwama kwenye upande wa pili.