Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Kila mwaka ifikapo Juni, mahindi yanapovunwa katika uwanda wa juu wa Ufipa, nyumba nyingi za Sumbawanga hujaa magunia. Mfanyakazi mwenye shamba lake nje ya mji hujiona tajiri. Lakini mwezi Februari, mvua zikiwa bado zinanyesha, stoo huwa tupu, na bwana na bibi huanza kuulizana kwa ukali: mahindi yamekwenda wapi?

Ndugu msomaji, aghalabu hakuna mwizi. Gunia moja lilipelekwa mashineni, mawili yalilipa vibarua, jingine alipewa shemeji. Kilichokosekana ni kumbukumbu.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1494 mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu kilichoeleza utaratibu wa wafanyabiashara wa huko: kila shughuli iandikwe mara mbili, mali ilikotoka na ilikokwenda. Pande mbili zisipolingana, pana kosa.

Utaratibu huo sasa umeingia katika kompyuta. Mwaka 2003 John Wiegley alianzisha programu iitwayo Ledger. Baadaye zikafuata hledger na Beancount. Zote hutolewa bure. Hesabu zake huandikwa kwa herufi na tarakimu za kawaida tu, hivyo daftari lako hubaki likisomeka hata programu yenyewe ikitoweka. Kazi ya programu ni kusoma, kujumlisha na kukuonya pande zisipolingana.

Tuchukue mfano. Familia ina magunia 20. Inauza 6 kwa shilingi 60,000 kila moja. Itaandika tarehe, kisha mstari mmoja: mahindi yamepungua magunia 6, na wa pili: fedha zimeongezeka shilingi 360,000. Zikitoka 150,000 za mahitaji ya shule, 120,000 za mbolea na 90,000 za matumizi ya nyumbani, kila moja huandikwa mahali pake. Jioni hiyo kila mtu anajua: fedha zimekwisha, magunia 14 yamebaki.

Hapo ndipo penye manufaa makubwa kwetu, kwani akiba ya Mfipa si noti peke yake. Programu hizi huhesabu magunia, ng'ombe, hata vipande vya Mfuko wa Umoja, uliozinduliwa na UTT mwaka 2005, kila kitu kwa kipimo chake na bei yake ya siku.

Ni kweli kwamba programu hizi huendeshwa kwa amri za kuandika, na zahitaji kompyuta na subira. Asiye nazo asikate tamaa. Daftari la shule lenye safu mbili, "ilikotoka" na "ilikokwenda", latosha kuanzia.

Lakini daftari lisiwe siri ya baba. Mama ndiye aghalabu ashikaye ufunguo wa stoo. Asiposhirikishwa, hesabu itakuwa ya uongo. Kila Jumapili wakae wote wawili, walifungue pamoja, wahesabu na magunia yenyewe.

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliukumbusha mkutano wa TANU kwamba kupanga ni kuchagua. Nyumba nayo ni vivyo hivyo: hatuwezi kuchagua kati ya mbolea na sherehe bila kujua tulicho nacho. Tuanze kuandika leo, magunia yangali yamejaa.