Mengo Katika Pikseli 128

Ukisimama mbele ya Bulange hapa Mengo, Kampala, jengo la Lukiiko, bunge la Buganda, unaiona Barabara ya Kabaka Anjagala imenyooka mpaka lango la Lubiri, kasri la mfalme. Katikati yake pana mzunguko wa Nantawetwa. Magari na bodaboda huuzunguka. Kabaka, mfalme wa Buganda, peke yake hupita katikati, kwenye lango lililowekwa kwa ajili yake, kwa kuwa safari yake haipindi. Nilipoichora Mengo iwe ramani ya mchezo wa mikakati, nilianza na barabara hiyo. Ramani ilipokamilika nikaiamuru programu initolee picha ndogo ya kuitambulisha. Barabara haikuwemo.

Picha hiyo ndogo ndiyo mada ya leo. Nitaiita kionjo, kama tunavyokiita kipande cha wimbo au filamu kinachotangulia kazi yenyewe. Mchezaji anayefungua orodha ya ramani hawezi kuingia katika kila moja akaitembelea. Anatazama kionjo, anaamua. Kwetu sisi tunaonunua intaneti kwa bando, uamuzi huo unagusa mfuko pia: kionjo kikidanganya, mtu amemaliza MB zake kupakua ramani asiyoihitaji. Ndiyo maana nashikilia kwamba kionjo ni ushahidi. Programu ikichore kutoka kwenye faili la ramani lenyewe, na mkono wa mtengenezaji urudishe yale tu yaliyopotea picha ilipopunguzwa.

Kinakokaa

Kila mchezo una desturi yake. Katika Command & Conquer: Generals, uliotoka mwaka 2003, kionjo ni faili la picha lenye jina lile lile la ramani, nalo hukaa kwenye folda moja na ramani hiyo. Upana wake ni pikseli 128 na kimo chake 128. Warcraft III, wa mwaka 2002, hutengeneza wenyewe ramani ndogo ya pembeni, lakini humruhusu mtengenezaji kuweka ndani picha yake ya pikseli 256 kwa 256. Katika Red Alert 2 ramani ni faili la maandishi, na kionjo hugandamizwa, kikageuzwa mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, kikakaa ndani ya maandishi hayo hayo.

Red Alert 2 ndio uliowapa wapenzi wa ramani mojawapo ya zana nzuri kuliko zote ninazozijua. CNCMaps Renderer, programu iliyo wazi kwa yeyote kuisoma na kuirekebisha, huchukua ramani pamoja na michoro halisi ya mchezo, ikachora uwanja mzima: kila mti, kila jengo, kila daraja. Ukitaka, huweka alama pale wachezaji wanapoanzia, kisha huirudisha picha ndogo ndani ya faili la ramani. Ukibadilisha ramani leo, unaiendesha tena na kionjo kinabadilika nayo. Aliyechora kionjo chake kwa mkono mwezi uliopita hana uhakika huo: mto ameuhamisha, picha bado inaonyesha ulipokuwa.

Kusoma ardhi

Kuielewa kazi ya programu hizi, njia rahisi ni kuanza na The Battle for Wesnoth, mchezo wa bure unaotengenezwa kwa ushirikiano tangu mwaka 2003. Ramani yake unaweza kuifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Utakuta safu za herufi: Gg ni nyasi, Hh ni vilima, Ss ni kinamasi, Ww ni maji ya kina kifupi. Programu ya kutoa kionjo husoma herufi hizo moja baada ya nyingine na kuweka rangi mahali pake. Wesnoth yenyewe inaweza kupewa amri, bila hata kufungua dirisha la mchezo, ikageuza faili la ramani kuwa picha.

Rangi hizo zina uzito. Askari wa mkuki katika Wesnoth ana hatua tano kwa zamu. Kukanyaga nyasi kunamla hatua moja, kilima mbili, kinamasi tatu. Na akiwa ndani ya kinamasi kinga yake hushuka hadi asilimia 20. Sasa fikiria mabonde yaliyo kati ya vilima vya Kampala, ambayo zamani yalijaa mafunjo. Ukipaka kinamasi rangi ya kijani inayokaribiana na ya nyasi, mchezaji ataamini anaweza kukimbia kutoka Mengo hadi kilima cha pili. Atagundua ukweli jeshi lake likiwa limekwama.

Urefu wa ardhi nao una mtego wake. Nilitumia vipimo vya SRTM, vilivyokusanywa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, ambavyo hutolewa bure. Hupima urefu kila baada ya mita 30 hivi. Mara ya kwanza ramani yangu ilitoka rangi moja tupu, kama shuka. Mizani ya rangi ilianzia usawa wa bahari na kuishia kwenye milima mirefu ya dunia, na sisi tunaishi juu tayari: hata uso wa Ziwa Viktoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Dawa yake ni kuiambia programu ianze kuhesabu kwenye bonde la chini kabisa lililomo ndani ya ramani, iishie kwenye kilele cha juu. Hapo vilima vya Rubaga, Namirembe na Mengo vikainuka.

Kisha mwanga. Programu nyingi za ramani, QGIS ikiwemo, hutia vivuli kana kwamba jua liko kaskazini-magharibi, nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Jua la Kampala halisimami hapo kamwe, na nilishawishika kulisogeza. Nikaliweka kusini-mashariki, na vilima vyote vikageuka mashimo! Jicho limezoea mwanga unaotoka juu, na kwenye ukurasa juu ni kaskazini. Nimeuacha mwanga wa desturi, ingawa si wa jua letu, kwa sababu ndio unaomfanya mtazamaji aone kilima kuwa kilima.

Barabara ilipokwenda

Turudi Nantawetwa. Ramani yangu ina vigae, yaani miraba midogo inayoiunda, 512 kwa 512, kila kigae mita kumi, na barabara ina upana wa kigae kimoja. Kuishusha hadi pikseli 128 maana yake vigae 16, vinne kwa vinne, vinakuwa pikseli moja. Programu ina njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kuchagua kigae kimoja katika kila 16 na kuvitupa vingine. Barabara ikifuata mstari wa vigae, basi ama imechaguliwa yote ama imetupwa yote. Ikikatiza mshazari, hubaki vitone vitone. Yangu ilitupwa. Njia ya pili ni kuzichanganya rangi za vigae vyote 16. Hapo barabara haipotei, lakini robo moja ya wekundu wa udongo ikichanganywa na robo tatu za kijani hutoa rangi ya matope ambayo jicho halitaisoma.

Wachora ramani wa karatasi walilijua jambo hili kabla ya kompyuta. Wangefuata kipimo kwa ukali, barabara ingekuwa nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo huichora pana kuliko ilivyo. Fanya vivyo hivyo: punguza ardhi kwanza kwa kuchanganya rangi, kisha chora upya juu yake barabara, madaraja na vivuko, kila kimoja kwa pikseli moja kamili. ImageMagick, inayoendeshwa kwa kuandika amri, au maktaba ya Pillow kwa wanaotumia lugha ya Python, hufanya yote haya bure, na amri ukishaziandika mara moja zitahudumia ramani zako zote.

Mwisho weka alama za kuanzia. Tumia maumbo au tarakimu pamoja na rangi, kwani wako wasiotofautisha nyekundu na kijani. Alama hizo hubeba habari nzito kuliko udogo wake. Tarehe 24 Januari 1892 Mengo ilipiganiwa kweli, na damu ya Waganda ikamwagika kati ya kambi ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Kapteni Lugard, Mwingereza, alikuwa na ngome juu ya kilima tunachokiita leo Old Kampala, na bunduki zake za Maxim ziliwasaidia Waprotestanti. Kabaka Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Kionjo kisichoonyesha nani alikaa kilima gani, na bonde gani lilimtenga na mwenzake, hakijamwambia mchezaji lolote kuhusu siku ile.

Kwa nini tujisumbue

Mwaka 2025 Civilization VII ulitoka ukiwa na Buganda miongoni mwa mataifa yake. Mchezaji aliye popote duniani anaweza kujenga Ziwa la Kabaka, lile ambalo Mwanga aliamuru lichimbwe hapa kwetu miaka ya 1880, na kusimamisha Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba ya makaburi ya makabaka huko Kasubi. Nimefurahi kuyaona. Lakini umbo la ardhi yetu, vilima hivi na mabonde haya, tunaweza kulichora wenyewe, na zana nilizozitaja hazituombi shilingi. Ramani ya kijana wa Mengo itakuwa katikati ya mamia ya nyingine, na kitakachoisemea ni picha isiyozidi ukubwa wa stempu.

Kabla ya kuitoa ramani, mpe kionjo mtu asiyewahi kuiona. Mwache akitazame kwa kitambo kidogo, ukiondoe, umuulize: wachezaji ni wangapi, maji yako wapi, njia ya kuvukia ni ipi? Akijibu yote matatu, kionjo kimefanya kazi yake. Changu kilikwama kwenye swali la tatu mpaka nilipoichora barabara upya. Sasa ipo, mstari mwekundu wa pikseli moja kutoka Bulange hadi Lubiri, na ukifika Nantawetwa haupindi.