Jirani Yetu Hatoweki

Jioni moja darasani tulikuwa tukisoma habari ya mazishi. Mwanakisomo mmoja, mtu mzima wa heshima zake, akauliza: "Mwalimu, mbona zeruzeru hatujamzika hata mmoja hapa kwetu? Si wanasema hafi, hutoweka?" Darasa zima likacheka. Mama mmoja hakucheka. Ana mjukuu mwenye ualbino. Alifunga daftari lake akaondoka, na kisomo kwake kikaishia pale.

Leo tuyaeleze maneno yale, maana yana damu ndani yake.

Kwanza, ualbino ni nini? Ni upungufu wa rangi katika ngozi, nywele na macho. Rangi hiyo ndiyo inayotukinga na jua. Kila mtoto hupewa mafungu mawili ya urithi wa rangi, moja kwa baba na moja kwa mama. Mtu mweusi kabisa anaweza kubeba fungu moja lenye kasoro bila kujua, kwa sababu lile zima linatosha kumpa rangi. Wakioana watu wawili ambao kila mmoja amebeba fungu la namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Basi yule bwana anayemfukuza mkewe eti amezaa na shetani, ajue kwamba nusu ya urithi huo imetoka kwake mwenyewe. Inakadiriwa kuwa katika Tanzania mtu mmoja katika kila watu 1,400 yuko hivyo.

Tena watu hawa hufa kama sisi. Wengi hufa mapema kwa kansa ya ngozi, kwa kulima juani bila kofia pana wala shati la mikono mirefu. Na tangu miaka ya 2006 na 2007, zaidi huku Kanda ya Ziwa, wengine wameuawa kwa mapanga. Wapiga ramli waliwadanganya watu kwamba viungo vyao huleta bahati katika machimbo ya dhahabu na katika uvuvi. Uongo mtupu! Lakini uongo huo ulilipiwa fedha, na mitaani watu wakaanza kumwita binadamu "dili".

Hapo ndipo familia nyingine zikaanza kuzika ndani ya nyumba na kumwaga saruji juu, kwa kuogopa kaburi lisifukuliwe. Jirani haoni kaburi, anasema ametoweka. Hebu fikirini. Mtu ambaye "hafi" hana msiba. Pasipo msiba hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wapi jana, alikuwa na nani. Muuaji anataka nini zaidi ya hapo?

Serikali haikukaa kimya. Machi 2009 wananchi walipewa karatasi waandike kwa siri majina ya wanaowashuku. (Sisi tuna wasiwasi kidogo na karatasi za siri, kwani mwenye chuki naye anajua kuandika.) Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu, iliyoketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Januari 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku. Hata hivyo, Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto wa miaka miwili na nusu alichukuliwa nyumbani kwao, akaja kupatikana ameuawa. Kati ya walioshtakiwa alikuwamo baba yake mzazi. Kushtakiwa si kutiwa hatiani. Lakini sote tunajua kwamba mgeni hajui mtoto analala chumba gani. Lazima aambiwe na mwenyeji.

Kwa hiyo ulinzi unaanza kwetu majirani. Zamani kidogo watoto wengi walipelekwa kukaa Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi. Maisha yaliokolewa, hatukatai. Ila ilikuwa kama kumfungia ndani mbuzi na kumwachia fisi kijiji. Na sisi wenyewe tuliwahi kumshauri yule mama ampeleke mjukuu wake mbali. Alitujibu: "Mwanangu, nani atamjua huko?" Tulikosa jibu.

Ukimsikia mtu anauliza bei, au unamwona mgeni anapelelezapeleleza nyumba fulani, usingoje ushahidi kamili. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji siku ile ile, au piga simu polisi namba 112. Kwa habari za watoto iko namba 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye habari ya mtoto kuvunjiwa haki aitoe kwa serikali yake ya mahali. Kunyamaza ili usigombane na ndugu yako si ujirani. Na mshukiwa asichomwe moto. Akifa yeye, aliyemtuma anabaki salama, naye atatuma mwingine.

Tulikwenda kwa yule mama, sisi na wanakisomo wanne, tukamwomba radhi. Yule mtu mzima aliyeuliza alikuwamo. Nyumba yake iko njiani kuelekea shule. Siku hizi mjukuu hupita hapo asubuhi, na watoto wake wawili hutoka, wakaenda pamoja.