Ada ya Usafi Umelipa, Mbona Ufagio Uko Mkononi Mwako?

Mwaka jana tulitoka Nairobi tukiwa wanne, kazini tukiwa tumeomba ruhusa ya Ijumaa, tukapanda SGR hadi Miritini, tukavuka feri ya Likoni na kufika Diani jioni. Nyumba tulikuwa tumeipata onlaini. Picha safi, bwawa la kuogelea, dakika tano kutembea hadi baharini. Bei: KSh 6,500 kwa usiku. Siku mbili ni 13,000, tukigawana wanne ni 3,250 kila mtu. Tukasema hii ni bei ya kutupwa, tukachanga.

Siku ya kulipa, mambo yakabadilika. Mwenye nyumba akatuma mahesabu: 13,000 ya kulala, 3,500 ya usafi, na 5,000 ya dhamana "itakayorudishwa". Jumla 21,500. Kila mtu sasa anadaiwa 5,375, na tikiti za treni tayari tumekata. Tukanung'unika kidogo kwenye grupu la WhatsApp, kisha tukalipa. Nani angekubali kurudi nyuma hapo?

Jumapili asubuhi ndipo tuliona karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Mgeni atoe mashuka yote na kuyaweka kwenye beseni. Aoshe vyombo na sufuria. Apanguse friji. Afagie na kupiga deki nyumba nzima. Apeleke takataka kwenye pipa la getini. Yote yakamilike kabla ya saa nne asubuhi, la sivyo atakatwa KSh 2,000 kwenye dhamana.

Basi badala ya kwenda kuogelea mara ya mwisho, mmoja wetu alikuwa jikoni anasugua sufuria, mwingine anapiga deki. Tukiwa katikati ya shughuli, akaingia mama mmoja wa makamo na ndoo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona mnanifanyia kazi yangu?"

Tukamwonyesha karatasi. Tukamwambia pia kwamba tumelipa 3,500 ya usafi. Akacheka, halafu akanyamaza. "Hiyo elfu tatu mia tano mimi siijui," akasema. "Mimi hupewa mia saba, kusafisha na kufua."

Dhamana ilirudi baada ya siku nne, ikiwa KSh 3,000. Tulikatwa 2,000 kwa sababu ya "mchanga sebuleni". Tulipolalamika, tukaulizwa ushahidi uko wapi. Hatukuwa na picha hata moja ya ile sebule tuliyoipigia deki wenyewe. Sisi tunaofanya kazi kwenye kampuni ya malipo, tunaowaambia wateja kila siku waangalie kabla ya kubonyeza! Kweli mganga hajigangi.

Ndiyo maana tumeamua kuandika makala hii, likizo ijayo isikupate kama ilivyotupata.

Bei ya usiku si bei ya safari

Ada ya usafi hulipwa mara moja kwa kila ukaaji, iwe umelala usiku mmoja au kumi. Hapo ndipo watu wengi huteleza kwenye mahesabu.

Chukua nyumba yetu ya Diani. Ukilala usiku mmoja, utalipa 6,500 na 3,500, yaani 10,000 kwa usiku mmoja. Sisi tulilala siku mbili, kwa hivyo bei yetu halisi ilikuwa 8,250 kwa usiku. Mtu aliyelala siku saba, ile 3,500 inagawanyika na kuwa 500 kwa siku, na usiku mmoja unamgharimu 7,000. Nyumba ni ile ile na tangazo ni lile lile, lakini bei ni tatu tofauti.

Kwa hivyo kabla ya kulinganisha nyumba mbili, chukua jumla yote isiyorudishwa, igawanye kwa idadi ya siku, kisha ugawanye kwa idadi ya watu. Nyumba ya 8,000 isiyo na ada ya usafi ingekuwa nafuu kwetu kuliko ile ya 6,500 tuliyoikimbilia.

Je, ada yenyewe ni wizi?

Hapana, si lazima. Tuwe waungwana. Mwenye nyumba ya wageni ana gharama za kweli. Kila mgeni akitoka, mashuka na taulo lazima zifuliwe, zikauke na zipigwe pasi. Mama fua lazima alipwe. Sabuni, dawa ya choo, tishu na maji ya kunywa vinanunuliwa upya. Pwani kuna mchanga unaoingia hadi ndani ya friji. Na kazi yote hiyo inafanywa kwa saa chache tu, maana mgeni mmoja akitoka asubuhi, mwingine anaweza kuwa anaingia mchana.

Gharama hizo hazipungui sana kwa sababu umelala usiku mmoja. Nyumba inafuliwa na kusafishwa vile vile. Ndiyo sababu wenye nyumba wengi huona ni haki kuitoza ada hiyo kivyake badala ya kuiweka kwenye bei ya kila usiku.

Shida huanza kwa namna mbili. Ya kwanza ni ada kufichwa hadi dakika ya mwisho. Watu wakitafuta nyumba hupanga kuanzia ya bei ya chini, kwa hivyo mwenye nyumba anayepunguza bei ya usiku na kuongeza ada ya usafi anaonekana juu kuliko jirani yake aliyesema ukweli tangu mwanzo. Mkweli anakosa wateja.

Ya pili ni kulipishwa mara mbili: kwa pesa, kisha kwa mikono yako. Kama umelipa kinyozi, hakupi mashine ujinyoe.

Malalamiko haya hayakuanzia Diani

Wageni duniani kote wamelia sana kuhusu jambo hili, na mambo yameanza kubadilika. Umoja wa Ulaya uliisukuma Airbnb, na kufikia 2019 wateja wa huko walikuwa wakionyeshwa bei pamoja na ada zote za lazima. Novemba 2022, mkuu wa Airbnb, Brian Chesky, alitangaza kwamba wateja wa nchi nyingine pia wataweza kuchagua kuona bei ya jumla. Akaongeza kuwa mgeni hapaswi kufanya kazi zisizofaa anapoondoka, kama kutoa mashuka, kufua au kupiga vumbi mazulia, lakini ni sawa kuombwa azime taa, atupe mabaki ya chakula na afunge mlango. Aprili 2025 kampuni hiyo ikaanza kuonyesha bei ya jumla kwa wateja wote duniani. Mwezi uliofuata, Marekani ikaanza kutekeleza kanuni inayotaka bei ya jumla itajwe wazi kwenye tikiti za burudani na malazi ya muda mfupi.

Na hapa kwetu? Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa au huduma anayolipia. Kuna pia mfano ulio karibu zaidi, ulio mfukoni mwako. Mwaka 2016, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza watoaji wa huduma za fedha kwa simu wamwonyeshe mteja gharama kabla muamala haujakamilika. Ikiwa ada ya kutuma shilingi mia tano lazima uijue mapema, kwa nini ada ya usafi ya elfu tatu na mia tano ikushtukize?

Lakini kumbuka, nyumba nyingi hapa Kenya hatuzilipii kwenye mitandao mikubwa. Tunapata nambari kwa rafiki, au kwenye Instagram na Facebook, tunaongea na mwenyewe, tunatuma pesa kwa simu. Huko hakuna apu ya kukuonyesha jumla, wala dawati la kupeleka kesi. Anayekulinda ni wewe na maswali yako.

Kazi gani ni za mgeni?

Hatusemi uiache nyumba kama soko limefungwa. Mgeni mstaarabu huosha sahani alizolia, hufunga takataka kwenye mfuko, huzima taa, feni na gesi, hufunga madirisha na kurudisha ufunguo. Ukimwaga mchuzi, pangusa. Ukivunja glasi, sema.

Kutoa mashuka ya vitanda vyote, kufua, kupiga deki na kusugua choo ni kazi ambayo ada ya usafi inalipia. Kama mwenye nyumba anataka uzifanye mwenyewe, hakuna shida, lakini basi aondoe ada. Wako wanaofanya hivyo, na kwa vijana wanaochanga pesa kidogo kidogo inaweza kuwa mapatano mazuri. Muhimu ni mkubaliane kabla, si kwa karatasi ya kwenye friji.

Kabla hujaweka PIN

Haya ndiyo tunayofanya sisi siku hizi:

1. Tunaomba jumla kwa maandishi. Unaweza kunakili ujumbe huu: "Habari, tutakuwa watu wanne, usiku mbili. Tafadhali nitumie jumla yote pamoja na usafi, stima na ada nyingine yoyote. Kuna kazi gani tunatakiwa kufanya tukiondoka?" Asiyetaka kujibu maswali haya amekujibu tayari.

2. Tunauliza kuhusu stima. Nyumba nyingine hutumia tokeni, na mgeni hujikuta gizani saa tatu usiku akiambiwa ajinunulie.

3. Dhamana tunaiandika kivyake. Ni kiasi gani, itarudi lini, kwa nambari ipi, na inaweza kukatwa kwa makosa gani. "Itarudishwa" bila tarehe ni neno tupu.

4. Tunalipa kwa nambari ya biashara ikiwezekana, na tunasoma jina linalotokea kabla ya kukubali. Ukiambiwa utume kwa nambari ya "binamu" au "mhasibu" ambaye hamjawahi kuongea, simama kwanza. Na kama nyumba umeipata kwenye mtandao wa kukodisha, usishawishike kulipa nje ya mtandao huo ili upunguziwe kidogo. Ulinzi wao unaishia pale unapotoka.

5. Ujumbe wa kuthibitisha malipo hatuufuti mpaka dhamana irudi. Ndiyo risiti yako.

6. Tunachukua video ya dakika moja tukiingia na nyingine tukitoka: sakafu, jiko, vitanda, choo. Kama tungekuwa nayo Diani, ile 2,000 ingekuwa na mjadala mwingine.

Jambo moja ambalo wateja hutuuliza sana: "Nyumba haikunifurahisha, mnaweza kunirudishia pesa?" Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyotumwa kimakosa, kwa mfano umekosea nambari. Hapo piga simu huduma kwa wateja mara moja. Lakini ukiwa umemlipa mtu uliyekusudia kumlipa, ugomvi wa mchanga sebuleni ni kati yako na yeye, na silaha yako ni yale maandishi mliyokubaliana.

Na kama wewe ndiye mwenye nyumba?

Tunajua wasomaji wetu wengi wana chumba Nanyuki au ghorofa Kilimani wanazokodisha. Ushauri wetu ni mfupi. Taja jumla kwenye ujumbe wa kwanza. Utapoteza wachache wanaotafuta bei ya kutupwa, lakini utaepuka wanaokuja wakiwa wamenuna tayari. Dhamana irudishe siku ile ile baada ya kukagua. Ni muamala wa sekunde chache, na mgeni atakukumbuka kwa hilo kuliko kwa bwawa lako.

Na ile pesa unayoiita ya usafi, mpe anayesafisha. Si lazima iwe yote, maana sabuni na maji vinagharimu. Lakini ukimtoza mgeni 3,500 kwa jina la usafi, kisha mama fua akapata mia saba, basi hiyo si ada ya usafi, ni bei ya nyumba iliyovalishwa kanga. Mlipe kwa simu kila mgeni anapotoka, usimwambie asubiri mwisho wa mwezi. Naye atabaki na rekodi, atajua alifanya kazi siku ngapi na amelipwa ngapi, na siku akihitaji kuionyesha chama chake au anayetaka kumkopesha, iko kwenye simu yake.

Yule mama wa Diani tulimtumia kitu kidogo kabla ya kuondoka. Alituomba tusimpe mkononi, tumtumie kwa simu. "Ya mkononi huliwa njiani," akasema. Tukaangalia jina lake likatokea kwenye simu, tukahakikisha ni yeye, tukabonyeza. Katika malipo yote ya safari ile, hilo ndilo tulilojua kwa uhakika lilikuwa la usafi.