Tuzo ya wanafunzi iliyotangulia Nobel

MFANYABIASHARA anayekopesha fedha kwa mwaka mzima hujiuliza jambo moja: je, shilingi atakayorudishiwa itanunua kiasi kilekile? Wawili kati ya wachumi waliolichambua vyema suala hilo walitambuliwa wakiwa bado wanafunzi.

Tuzo ya Alexander Henderson, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani, humkumbuka mchumi aliyefundisha hapo. Hupewa wanafunzi waliofanya vizuri katika nadharia ya uchumi. Edward Prescott aliipata mwaka 1967, Finn Kydland mwaka 1973.

Mwaka 1977 wawili hao walichapisha makala iliyoonyesha kuwa hata serikali yenye nia njema hushawishika kuvunja ahadi ya kudhibiti mfumuko wa bei, mara tu wananchi wanapoiamini. Wafanyabiashara wakilijua hilo hupandisha bei mapema. Mfumuko huja, na ajira haziongezeki.

Hoja hiyo iliwapa nguvu waliotaka benki kuu zisiingiliwe na wanasiasa. Mwaka 2004 ikawaletea Nobel ya uchumi. Washindi wengine wa Henderson, Oliver Williamson na Dale Mortensen, walipata Nobel mwaka 2009 na 2010.

Kwa mwekezaji mdogo somo liko wazi. Anaponunua dhamana za serikali za muda mrefu, asitazame riba peke yake. Aulize pia ni sheria gani inayoibana benki kuu ilinde thamani ya fedha. Tanzania, sheria ya mwaka 1995 iliufanya utulivu wa bei kuwa lengo kuu la Benki Kuu. Ahadi isiyo na sheria nyuma yake, hasara yake humwangukia mkopeshaji.