Donda ndugu: kwa nini vidonda vingine vinakataa kupona?

Mtu anakatwa na jembe shambani, au anachomwa na mwiba akitafuta kuni. Wengi hupona baada ya wiki mbili tatu. Lakini kwa wengine kidonda kinabaki wazi miezi mingi. Kinatoa maji, kinanuka, na mwenye kidonda anaanza kukaa mbali na watu. Ananunua vidonge dukani, anapata nafuu siku chache, kisha kidonda kinarudi vilevile. Hapo ndipo maneno ya kurogwa au ya "damu mbaya" yanapoanza.

Makala hii inaeleza kinachotokea ndani ya kidonda kama hicho, na hatua unazoweza kuchukua.

Utelezi wa jerikeni

Jerikeni ya maji isiyosafishwa kwa muda huwa na utelezi ndani. Ukiisuuza kwa maji tu, utelezi hautoki. Inabidi utie mchanga au vijiwe na sabuni, utikise kwa nguvu. Utelezi huo ni makazi ya bakteria. Wanajishika kwenye plastiki, wanatoa ute, na wanaishi ndani yake wakiwa wamekingwa. Wataalamu wanaita makazi hayo biofilamu. Utando unaousikia kwenye meno asubuhi ni wa aina hiyohiyo.

Jambo kama hilo hutokea kwenye kidonda. Bakteria hujishika kwenye nyama iliyokufa na kujijengea ute wa sukari na protini. Mara nyingi huwezi kuuona kwa macho. Utafiti wa wataalamu wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulichunguza vidonda sugu 50 na majeraha mapya 16. Biofilamu ilionekana katika vidonda sugu 30, lakini katika jeraha jipya 1 tu.

Kwa nini vidonge pekee havitoshi

Kwanza, dawa hupenya ute huo kwa shida. Pili, bakteria walio chini kabisa ni kama wamelala: hawakui wala hawazaani, na dawa nyingi huua bakteria wanaokua. Dawa ikiisha, wanaamka. Tatu, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hushindwa kuwameza. Hubaki zikimwaga kemikali zinazoumiza hata nyama nzima iliyo jirani. Kwa hiyo kidonda kinabaki palepale.

Adui si mmoja

Katika kidonda sugu, aina kadhaa za bakteria huishi pamoja. Stafilokoki hutoka kwenye ngozi na pua zetu wenyewe. Pseudomonasi hupenda mahali penye unyevu, na inaweza kugeuza usaha kuwa wa kijani. Wapo pia bakteria wasiopenda hewa, ambao mara nyingi ndio chanzo cha harufu mbaya. Wanasaidiana: wanaotumia oksijeni wanaimaliza, na wale wasioipenda wanapata nafasi. Dawa inayoua aina moja inaweza kuziacha nyingine.

Vidonda vya mguu vya nchi za joto ni mfano mzuri. Huanza na mchubuko mdogo chini ya goti, hasa kwa mtu asiyepata lishe ya kutosha, na bakteria wa aina mbalimbali hukutana hapo.

Si kila kidonda ni kilekile

Miaka ya 1960, wakimbizi kutoka Rwanda waliowekwa Kinyara, karibu na mto Nile nchini Uganda, walipata vidonda vikubwa visivyouma. Madaktari waliowachunguza walisaidia dunia kuuelewa ugonjwa unaoitwa Buruli, jina la eneo lililo Nakasongola ya leo. Huanza kama uvimbe mdogo usiouma. Siku hizi hutibiwa kwa rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8. Lakini dawa hizo hazifai kwa kila kidonda, ndiyo maana uchunguzi ni lazima. Kisukari, ukoma na matatizo ya mishipa ya damu pia huchelewesha kidonda kupona.

Ufanye nini

- Osha jeraha jipya mara moja kwa sabuni na maji safi, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Ulizia chanjo ya pepopunda.
- Kidonda sugu kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Nawa mikono kabla na baada.
- Usitie majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, maji ya betri wala unga wa vidonge vya rangi mbili.
- Usikwangue kidonda mwenyewe. Kuondoa nyama iliyokufa ni kazi ya mhudumu wa afya. Biofilamu inaweza kujijenga tena ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo usikose siku uliyopangiwa kurudi.
- Kama mguu umevimba, uinue unapokaa. Kula maharagwe, dagaa, mayai na mboga kadiri unavyoweza, kwa sababu mwili hauwezi kujenga nyama mpya bila chakula.
- Maliza dozi uliyoandikiwa. Usigawane vidonge na jirani.

Usingoje

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona homa, wekundu unaoenea, ngozi inayogeuka nyeusi, maumivu yanayozidi ghafla, au taya linalokaza. Mwenye kisukari aende hata kama kidonda cha mguu ni kidogo na hakiumi. Kuchelewa kunaweza kumgharimu mtu mguu, au maisha.

Kama hakuna dalili hizo lakini kidonda kimepita wiki nne bila kupungua, nenda pia. Nchini Uganda, vituo vya afya vya serikali huhudumia wakimbizi na wenyeji bila malipo. Kama kutembea ni shida, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako. Usione haya kwa sababu ya harufu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Unapokwenda, beba paketi za dawa zote ulizokwisha kutumia, hata zile za dukani. Zitamsaidia daktari kujua dawa zipi zilishindwa na aanzie wapi.