Hita Haizimi? Isikilize Thamostati Kabla ya Kumwita Fundi

Huu ni msimu wa kusi. Huku kwetu Mombasa upepo umepoa kidogo, wazee wanakwenda kuswali alfajiri wamejifunika makoti, nasi hiyo twaiita baridi. Muulize mtoto wako aliyekwenda kutafuta riziki Nairobi. Mji ule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au 11, mara nyengine chini ya hapo. Ndani ya chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, baridi ya ndani na ya nje ni moja.

Vijana wetu wengi hupanga Kibera, upande wa Makina kwa Wanubi, ambako msikiti uko karibu na nyama ya halali haitafutwi. Wengine wako Kawangware. Mpwa wangu ni mmoja wa hao wa Kawangware, na wiki mbili zilizopita alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Nimenunua hita ya mtumba pale soko la Toi. Haizimi hata kidogo, tokeni zinakwisha kama maji. Fundi hapa asema thamostati imekufa, anataka kuiunganisha moja kwa moja kwa waya."

Diploma yangu ni ya umeme, ingawa siku hizi nashika kalamu zaidi ya bisibisi. Nilimwambia asimpe fundi huyo hita. Sababu nitaieleza, kwani najua si yeye peke yake.

Thamostati ni kile kitufe cha kuzungusha kilicho kando ya hita. Ndani yake mna bamba jembamba la madini mawili tofauti yaliyogandamizwa pamoja. Yakipata joto, moja hutanuka kuliko jenziwe, bamba likapinda na kuachanisha njia ya umeme. Yakipoa, hunyooka na umeme hurudi. Ni ujuzi wa zamani: Andrew Ure wa Uingereza aliuandikishia hataza mwaka 1830, na mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Wisconsin, Marekani, Warren Johnson, akaandikisha thamostati ya umeme ya chumbani. Alichoka na watumishi kuingia darasani kila mara kutazama kama kuna baridi. Hata friji ya dukani kwako, ile ya maji baridi na barafu, inayo thamostati ya kuiwasha na kuizima. Kwa hivyo tusiseme ni mambo ya bara.

Sasa, hita isiyozima si lazima iwe mbovu. Hili ndilo watu wasilolijua. Ukiizungusha hadi mwisho, unaiambia izime chumba kikifika kama nyuzi 30. Chumba cha mabati chenye nafasi ya vidole viwili chini ya mlango hakitafika hapo hadi asubuhi. Thamostati inangoja joto lisilokuja. Basi fanya hivi: iache hita iwake nusu saa, kisha rudisha kitufe polepole kuelekea chini huku umetega sikio. Ukisikia "ta!" na hita ikazima, thamostati ni nzima, na mwizi wa tokeni zako ni ukuta. Ziba nafasi ya mlango kwa kitambaa, weka dari hata ya maboksi mbali na hita, na usipitishe kitufe katikati. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo hula uniti mbili kila saa. Ikizima na kuwaka kama ilivyokusudiwa, hula pungufu ya hapo.

Ukirudisha hadi chini kabisa, usisikie kitu, na hita ikaendelea kuwaka, hapo ncha za umeme zimeyeyuka zikagandana. Chomoa plagi wakati huohuo. Usilale nayo hata usiku mmoja.

Iko shida ya kinyume chake, hita isiyowaka. Kabla ya kulaumu thamostati, tazama fyuzi ya plagi na ujaribu soketi kwa taa. Kisha tazama sakafu. Hita nyingi zina swichi ndogo chini inayokata umeme hita ikiinama, ili ikianguka isichome nyumba. Sakafu ya udongo au saruji iliyobomoka, kama zilivyo nyingi Kibera, yatosha kuihadaa. Iweke juu ya ubao ulio sawa. Nimeona hita nzima ikitupwa kwa ajili hiyo. Ikiwa yote ni sawa na kitufe chalia "ta!" lakini joto hakuna, kosa huenda liko kwenye koili au fyuzi ya ndani.

Na ikiwaka kwa unyonge? Mara nyingi ni stima. Laini moja ikigawanywa nyumba ishirini, jioni nguvu hushuka. Hita ya wati 2,000 iliyotengenezewa volti 240, ukiipa volti 200, itatoa kama wati 1,400 tu. Hakuna thamostati itakayotibu hilo. Wala usiipitishe kwenye ekstensheni nyembamba: hita hiyo huvuta ampea 8 na zaidi, na waya mwembamba huanza kuyeyuka kabla hujanusa.

Fundi mwaminifu ataichomoa hita, aiache ipoe, kisha aweke mita kwenye ncha mbili za thamostati. Kitufe kikiwa juu, umeme unapita. Kikiwa chini kabisa, umekatika. Isipokuwa hivyo, anunue nyengine yenye ampea zilezile au zaidi. Yule anayeunganisha waya moja kwa moja amekuondolea breki na kukutoza pesa. Hita itawaka, ndiyo, utamshukuru, na usiku blanketi litakapoiangukia hakuna kitakachoizima isipokuwa ile fyuzi ya ndani, ikiwa hakuiruka nayo pia.

Najua kinachofuata hita ikiharibika na pesa hamna. Jiko la makaa linaingizwa ndani. Watu hulingoja nje hadi moshi uishe na makaa yawe mekundu, wakidhani sumu imekwenda na moshi. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hushika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Na kile kitambaa nilichosema uzibe nacho mlango, kwenye chumba chenye jiko ni kitanzi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Wakilalamika wawili watatu chumba kimoja kwa pamoja, msiseme ni mafua au chakula. Tokeni nje wote, hata kama ni saa nane za usiku, na mwende hospitali. Aliyelala humwamshi kwa kumwita tu, mburute. Jiko likipoa nusu bado linatoa, kwa hivyo lilaze nje ya mlango, na ulale na blanketi mbili.